Nyumba ya Baba Ufukweni: Jinsi ya Kuchanga Pesa za Ukarabati kwa Simu Bila Ndugu Kukosana

Kama kwenu ni Pwani, hii nyumba unaijua. Iko hatua chache kutoka baharini, Takaungu, Msambweni, Mambrui, popote pale. Baba aliijenga polepole, chumba kwa chumba, kwa mshahara wa bandarini. Kuta ni za mawe ya matumbawe, baraza imeezekwa makuti, nyuma ni mabati. Watoto wakakua wakatawanyika. Baba akafariki. Sasa mabati yameliwa na kutu, makuti yanavuja, plasta inamomonyoka ukiigusa tu, na kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia mtu ameandika: “Jamani, tuitengenezeni nyumba kabla haijatuangukia.”

Kila mtu anaunga mkono. Michango inaanza kutumwa. Mwezi wa tatu ukifika, mmoja anauliza pesa zimefika wapi, mwingine anajibu kwa hasira, wa tatu anatoka kwenye kikundi. Nyumba bado inavuja.

Tuichukue familia moja kama mfano, tuiweke Takaungu, kusini kidogo ya Kilifi. Watoto wanne. Dada mkubwa ni mwalimu Mombasa. Kaka anayemfuata anafanya kazi Doha. Wa tatu yuko Nairobi. Kitinda mimba amebaki Takaungu, ana boda boda yake. Mama yao alihamia kwa dada mkubwa tangu chumba chake kianze kuvuja, na kila wiki anauliza swali lilelile: narudi kwangu lini? Wamekubaliana kila mtoto atoe shilingi 15,000 kwa mwezi kwa miezi minane. Jumla ni 480,000. Si pesa kidogo, na zote zitapita kwenye simu.

Kabla ya saruji, karatasi

Hapa wengi hupaharakia. Nyumba ni ya nani kisheria? Kama hati miliki bado ina jina la marehemu, basi hiyo nyumba ni mali ya urithi, na kila mrithi ana haki ndani yake, hata yule ambaye hajatoa hata senti ya msumari. Ukiweka nusu milioni kwenye nyumba ya namna hiyo bila makubaliano, siku ya kugawana utashangaa. Waislamu huweza kupeleka suala la mirathi kwa Kadhi, maana mahakama za Kadhi zinatambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Wengine hufuata njia ya kawaida ya mahakama chini ya Sheria ya Urithi.

Hamna haja ya kungoja kesi iishe ndipo mzibe paa. Lakini kaeni chini, hata kwa simu ya video, muandike karatasi moja: nani anachanga kiasi gani, na je, huo mchango ni zawadi kwa mama au ni kitu kitakachohesabiwa wakati wa kugawana? Majibu yote mawili ni sawa. Kibaya ni kila mtu kuwa na jibu lake moyoni.

Na hapa ndipo matapeli hupenyeza mkono. Ada za huduma za serikali ya kitaifa hulipwa kupitia eCitizen, kwa paybili 222222. Mtu akikupigia akisema yuko “ofisi ya ardhi” na faili lenu litasonga mbele ukimtumia elfu tano kwa namba yake binafsi, kata simu. Akikupa jina la bosi wake, kata tu.

Simu ya dada si kibubu cha familia

Njia inayotumiwa zaidi ndiyo mbaya zaidi: kila mtu anamtumia dada mkubwa kwenye laini yake mwenyewe. Dada ni mwaminifu, hilo halina ubishi. Lakini kwenye laini hiyohiyo mshahara wake unaingia, analipia umeme, ananunua mboga. Kama ana deni la mkopo wa simu au amewahi kupitisha salio, mchango wa kaka wa Doha ukiingia tu, mtambo unaweza kujikatia deni lake kabla dada hajaufumbua ujumbe. Hajaiba. Ila 15,000 imekuwa 11,000, na sasa anatakiwa ajieleze mbele ya ndugu zake kuhusu madeni yake. Aibu hiyo imevunja familia nyingi kuliko wizi.

Kuna jambo la pili, vikomo. Kwenye huduma kubwa za pesa kwa simu hapa Kenya, akaunti moja haikai na zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Michango ya familia yetu ni 480,000. Ikikusanywa yote kwenye laini ya dada, mshahara wake ukiingia siku hiyo unaweza kukataliwa kwa sababu akaunti imejaa.

Fungueni akaunti ya kikundi. Inaweza kuwa huduma ya vikundi ndani ya simu, ile ambayo pesa haitoki mpaka viongozi wa kikundi waidhinishe, au akaunti ya chama ya benki yenye paybili, ambapo ndugu wanalipia wakiwa popote na pesa inatolewa kwa sahihi za watu wawili. Ubora wake ni kwamba mchango wa kila mtu unaingia kwa jina lake na tarehe yake. Hamhitaji mtu wa kuwakumbusha nani hajalipa, taarifa ya akaunti inasema yenyewe. Kila mwisho wa mwezi iombeni, muiweke kwenye kikundi cha familia, basi. Usitume picha ya skrini ya salio peke yake. Salio haliambii mtu pesa ilikwenda wapi.

Waidhinishaji wawe wawili, na ikiwezekana wasiwe mume na mke wala ndugu wawili wanaoishi nyumba moja. Kwa familia yetu, dada wa Mombasa na kaka wa Nairobi wanatosha. Na namba ya siri ni ya mtu mmoja, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja. Ukishamwambia “wewe bonyeza tu, nimekupa”, udhibiti wa watu wawili umekwisha.

Kaka wa Doha yeye atume moja kwa moja kwenye simu au akaunti, si kwa mfuko wa rafiki anayerudi likizo. Anapochagua kampuni ya kutuma, asiangalie ada peke yake. Kampuni inaweza kusema “tuma bure” kisha ikakulalia kwenye bei ya kubadilisha riali. Swali ni moja: nikitoa riali hizi, ni shilingi ngapi zitakazofika Kenya? Alinganishe hilo kwa kampuni mbili au tatu kabla ya kutuma.

Anayesimamia naye amechanga

Sasa kuna huyu kitinda mimba. Yeye ndiye aliye Takaungu. Ndiye atakayemsubiri lori la mchanga saa kumi na mbili asubuhi, atakayehesabu makuti, atakayegombana na fundi. Siku hizo bodaboda yake imesimama. Halafu mwisho wa mwezi ndugu wanamwuliza: “Na wewe 15,000 yako iko wapi?”

Kwa maoni yetu, familia ikubaliane mapema kwamba kazi ya kusimamia ni mchango. Wekeni thamani ya siku moja ya kusimamia, mseme kwa mfano 1,000, na kila siku aliyokaa kwenye mjengo iandikwe. Akisimamia siku kumi mwezi huo, amechanga 10,000 na anabakisha 5,000. Ni rahisi hivyo. Familia ambazo haziandiki hili huishia kwa msimamizi kujilipa kimyakimya: mfuko wa saruji wa 800 unaandikwa 950, nauli ya tuktuk inaongezeka. Anajiona hajaiba, amechukua haki yake. Na kusema kweli, hajakosea sana kudhani hivyo. Kosa ni la waliomwachia kazi bila kuitaja.

Mpeni pia pesa ndogo ya mkononi, ya maji ya kunywa ya vibarua, misumari iliyopungua, nauli. Shilingi 3,000 kwa wiki, akizimaliza analeta hesabu, anajaziwa tena. Kila kitu kikubwa zaidi kilipwe kutoka akaunti ya kikundi.

Chumvi ndiyo adui

Kabla hamjalipia chochote, mjue mnapigana na nini. Nyumba ya Pwani haiharibiki kama nyumba ya Nakuru. Hewa ya baharini imebeba chumvi, na chumvi hula chuma. Nondo iliyo ndani ya zege ikianza kushika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Zile nyufa ndefu unazoziona chini ya slabu au kwenye nguzo za baraza, zenye rangi ya kahawia, hazizibwi kwa kupaka rangi. Fundi anayewaambia “tutapiga plasta juu, haitaonekana” anawauzia tatizo lilelile kwa mara ya pili.

Kwa hiyo mchanga wa ufukweni usitumike kwenye zege hata kama ni wa bure na uko mlangoni. Una chumvi. Nunueni mchanga wa mto. Na maji ya kuchanganyia? Kisima kilicho karibu na bahari mara nyingi kina maji ya magadi au ya chumvi. Onjeni, na kama yana chumvi leteni maji ya mfereji au ya bauza. Hii ni gharama ambayo ndugu wa Nairobi ataipinga kwenye kikundi, akiuliza maji ya kununua ya nini na kisima kipo. Mwelezeni.

Kuta za zamani za matumbawe zina jambo lake. Wazee waliziunga na kuzipaka kwa chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu. Chokaa inapumua: unyevu ukiingia ukutani unapata njia ya kutoka. Mkizifunika kwa plasta ngumu ya saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inadondoka mapande. Mafundi wa Lamu wanalijua hili vizuri. Mji wao wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na nyumba zake bado zinarekebishwa kwa chokaa. Kama ukuta wenu ni wa matumbawe, tafuteni fundi anayeijua chokaa, hata kama ni bei zaidi.

Nyumba ikiwa ya zamani sana, dari yake ni ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya Kiswahili ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ikibidi kubadilisha boriti, nunua kwa muuzaji mwenye kibali na risiti. Mikoko haikatwi ovyo, ni msitu unaolindwa.

Paa

Mkiwa na pesa za kazi moja tu, fanyeni paa. Mengine yote yatasubiri. Na fanyeni wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kabla masika hayajaingia Aprili. Ukianza Machi mwishoni kwa sababu michango ilichelewa, fundi atakuwa amevua paa mvua inaponyesha, na hapo mama hatarudi karibuni.

Mabati yana namba ya unene, na wengi huisoma kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Karibu na bahari usishuke chini ya unene huo kwa kuokoa mia mbili, na misumari iwe ya kuzuia kutu vilevile. Msumari ukiliwa, tundu lake ndilo linalovuja, hata kama bati bado ni zima.

Makuti ndiyo yenye ujanja mwingi. Mambo matatu ya kuangalia. Mteremko uwe mkali ili maji yashuke haraka. Paa la makuti lililolala linaoza. Nafasi kati ya mstari na mstari iwe ndogo. Fundi akizipanua anatumia makuti machache, ninyi mmelipia mengi, na kutoka chini hutaona tofauti mpaka mvua ije. Mwambieni kitinda mimba apande ngazi na futi kamba kabla fundi hajafika katikati ya paa. Tatu, makuti yahesabiwe yanaposhushwa, mbele ya aliyeyaleta, ndipo alipwe. Muuzaji akisema “lipa kwanza, niko haraka, nina safari nyingine”, mwache aende na safari yake.

Kulipa fundi na kulipa duka ni vitu viwili

Hii ni sheria ambayo ingefaa ipigwe chapa kwenye geti la kila mjengo: pesa za vifaa haziendi kwa fundi. Fundi anatoa orodha, kaka wa Nairobi anapiga simu hadwea mbili Kilifi kuuliza bei, kisha duka linalipwa kwa tili yake kutoka akaunti ya kikundi. Kwa kawaida mteja hakatwi ada akilipa kwa tili ya kununua bidhaa, kwa hiyo mnaokoa na hiyo pia. Kabla malipo hayajakamilika, jina la biashara linatokea kwenye skrini. Lisome. Kama duka linaitwa hivi na skrini inasema jina la mtu usiyemjua, acha, uliza.

Fundi yeye alipwe kazi yake kwa hatua. Tuseme paa la makuti kazi yake ni 120,000. Anapoanza anapewa 24,000, ili naye ale na vibarua wake wale. Fremu ikisimama, 36,000. Makuti yakiisha kupigwa, 48,000. Zilizobaki 12,000 atalipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mafundi wazuri hukubali, wanajua paa lao. Asiyetaka kabisa kungoja mvua amewaambia kitu.

Mlipeni kwa namba yake iliyosajiliwa kwa jina lake, iliyoandikwa kwenye makubaliano. Kuna utapeli unaovuma sana kwenye mijengo: siku ya malipo unaingia ujumbe, “Habari boss, ni fundi, ile laini imeharibika, tuma kwa hii.” Aliyeutuma huenda ni kibarua, huenda ni mtu aliyeona namba yako kwenye ubao wa mjengo. Usijibu kwa ujumbe. Piga namba ya zamani, na isipopatikana mpigie kitinda mimba ampe fundi simu usikie sauti yake. Dakika mbili tu.

Na ule ujumbe mwingine, “nimekutumia 8,500 kimakosa, tafadhali rudisha”? Angalia salio lako kwanza, si ujumbe. Ujumbe wa kweli wa pesa unatoka kwa jina la huduma, hautoki kwenye namba ya mtu. Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe wewe mwenyewe kwa kutuma. Mwambie aliyetuma aombe kurudishiwa kupitia kampuni, na wewe uiache hapo. Ikiwa ni ninyi mliokosea namba ya fundi, ombeni kurudishiwa dakika hiyohiyo. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni safari ndefu.

Jambo dogo kuhusu ada: kutuma 30,000 mara moja ni nafuu kuliko kutuma 3,000 mara kumi. Kwa hiyo vibarua walipwe Jumamosi, si kila jioni, na msimamizi aandike siku zao kwenye daftari. Daftari la mistari la shilingi hamsini linatosha kabisa. Safu ya tarehe, nani, kazi gani, kiasi, na namba ya muamala ile yenye herufi na tarakimu inayokuja kwenye ujumbe. Hiyo namba ndiyo risiti yenu. Ujumbe ukifutika, bado mtaukuta muamala kwenye taarifa.

Pesa zikibaki

Miezi minane ikiisha, huenda mkabakiwa na kitu, ishirini au thelathini elfu. Kutakuwa na wazo la kugawana, na kutakuwa na wazo la kununua makochi. Mama ataulizwa na atasema nunueni makochi.

Zungumzeni na mama taratibu. Makuti hayadumu kama mabati, yatahitaji kupigwa tena baada ya miaka michache, na milango itahitaji rangi kila kusi ikipita. Akaunti ya kikundi ikiachwa wazi na kila mtoto akiweka 500 kwa mwezi, hiyo ni 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Katika familia yetu ya mfano, hizo ndizo pesa ambazo siku moja zitamlipa fundi awamu yake ya kwanza bila mtu yeyote kuandika “jamani” kwenye kikundi.

Kama mnawaza kupangisha sehemu ya nyumba ili ijilipie, kodi iingie kwenye akaunti hiyohiyo kwa jina la mpangaji, si kwa simu ya anayeishi karibu. Kodi ya makazi inayofika kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa na KRA asilimia 7.5 ya mapato yote kila mwezi, kiwango kilichoanza Januari 2024. Chini ya hapo haiingii kwenye mpango huo. Wageni wa siku mbili tatu wa ufukweni wana leseni zao, na hizo mtaziulizia kaunti kabla ya kuweka picha za baraza mtandaoni.